Gari likipiga chafya, nani anaugua?

Kama umeamka salama, shukuru. Mimi nimeamka salama ila nafsi inanisuta, na leo sina budi kutubu hadharani, maana huku kwetu Sombetini mambo hayafichiki. Ukikohoa usiku chumbani kwako, asubuhi jirani anakupa pole.

Ni hivi. Kuna mshikaji wangu mmoja, jina lake nalihifadhi maana bado tunasalimiana. Huyu bwana kapiga bodaboda miaka mitatu, mvua yake jua lake, kajinyima kila kitu hadi soda, mpaka akapata Subaru Forester ya turbo. Mtumba wa Japani, rangi ya fedha, juu ya boneti lina lile tundu la kumezea upepo. Siku anaileta mtaani watoto waliikimbilia kama imeleta bibi harusi. Mipango yake ilikuwa ya kiutu uzima: apige spesho, mwakani amalizie kibanda cha mama yake. Tukampa tano.

Jioni moja tumejikalia zetu kijiweni, ikapita Impreza ya buluu inaelekea Kwa Mrombo. Dereva kakanyaga mafuta, kabadilisha gia... PSHHHH! Kijiwe kizima kikasimama. Na mimi, kwa mdomo wangu huu usio na breki, nikamgeukia mshikaji: "Oya, ya kwako mbona bubu?"

Neno moja tu hilo, jamani! Wiki mbili hazijapita, Forester nayo inapiga chafya. Mtaa mzima unajua kama jamaa karudi au katoka. Miezi mitano baadaye inatoa moshi wa buluu kama jiko la kuni mbichi, na baada ya hapo ikapandishwa juu ya mawe, magurudumu hewani.

Basi nimezunguka gereji hadi gereji, nimekalia matairi chakavu, nimewabebea mafundi spana na chai, ili nijue nilimwingiza mwenzangu kwenye kitu gani. Nawapa nilichokipata.

Kwanza turbo yenyewe. Ni feni mbili zilizoungwa kwenye shafti moja fupi. Feni ya kwanza inazungushwa na moshi unaotoka kwenye injini, ule ambao gari la kawaida linautupa bure kwenye ekzosi. Hiyo ikizunguka, mwenzake naye anazunguka, anavuta hewa, anaibana na kuisukumiza ndani ya injini. Hewa nyingi, petroli nyingi, nguvu nyingi. Aliyekwenda kusajili wazo hilo ni Mswisi mmoja, Alfred Büchi, mwaka 1905, wakati hili boma la Wajerumani hapa mjini, ambalo sasa ni makumbusho, lilikuwa na umri wa miaka mitano tu. Na usifikirie feni ya dari. Hizi zinazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika moja, huku upande mmoja unachomwa na moshi wa moto.

Kwa sisi wa Arusha turbo si ya kujidai tu. Mji wetu uko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, hewa ya huku ni nyepesi, pungufu kwa karibu asilimia 15 ukilinganisha na ya Tanga au Dar es Salaam. Gari lisilo na turbo likipanda kuja huku linafika limeacha nguvu njiani, kama mchezaji wa pwani aliyeshushwa na basi na kuingizwa moja kwa moja uwanjani Sheikh Amri Abeid. Lenye turbo linajihangaikia, linazungusha feni kwa kasi zaidi mpaka lifidie. Ndiyo maana ukiwa na turbo nzima huku milimani unapaswa kuitunza kama yai.

Shida inakuja unapoachia mafuta. Pale unapotaka kubadilisha gia, mlango wa hewa wa injini unafungwa paa! Turbo lakini haina habari. Bado inasukuma. Hewa inagonga mlango uliofungwa, inarudi nyuma, inakutana uso kwa uso na feni iliyoisukuma. Hapo unasikia tu-tu-tu-tu kama bata mzinga aliyechokozwa. Kuna machalii wanaipenda hata hiyo, wanadhani gari linaongea. Linalia, mwanangu! Feni inapigwa breki na hewa yake yenyewe, na beringi zinasukumwa kule zisikotakiwa kwenda.

Dawa yake ndiyo hii valvu ya blo-ofu, ambayo mimi kwenye safu hii naiita valvu ya chafya. Ina springi, na ina mpira mwembamba unaotoka upande wa ndani wa injini. Ukiachia mafuta, injini inanyonya kwa nguvu, ule mnyonyo unaivuta valvu ifunguke, hewa iliyobanwa inapata pa kutokea. Ukikanyaga tena, inafunga. Basi. Ni mlango wa dharura.

Sasa shika hapa, maana hapa ndipo mimi mbumbumbu nilipompoteza mwenzangu. Mlango huo Forester ya turbo INAO tayari, imezaliwa nao. Sikuuona kwa sababu siusikii. Valvu ya kiwandani inairudisha hewa kimyakimya kwenye bomba la kuvutia, nyuma ya turbo, inazunguka na kutumika tena. Ile ya kelele inaitema nje. Kwa hiyo mshikaji wangu hakuwa anaongeza kitu ambacho gari lilikikosa. Alikuwa anatoa kinachopumua kwa adabu na kuweka kinachopiga chafya mbele za watu.

Ugonjwa wenyewe wa kupenda hizi sauti umetoka mbali. Safari Rally ilipoanza mwaka 1953 ilikuwa inapita mpaka kwetu, enzi hizo ikiitwa Tanganyika. Sisi tuliozaliwa juzi tumesimuliwa na kaka zetu jinsi magari ya turbo yalivyotamba jirani hapo Kenya: Ian Duncan, Mkenya, kashinda 1994 na Toyota Celica, Colin McRae kashinda 1997 na Subaru Impreza ya buluu, na tangu hapo kila kijana mwenye Subaru anajiona ana damu ya Uskoti. Ila ngoja niwavunje moyo kidogo. Ile milio ya ta! ta! ta! kama fataki unayoisikia kwenye magari ya rali si ya valvu hii. Ni petroli inayolipuliwa makusudi upande wa ekzosi ili turbo isipoe dereva anapoachia mafuta. Mchezo huo unakula turbo kama njugu, na wenzetu wana timu nzima ya mafundi inayowasubiri na turbo nyingine. Wewe unasubiriwa na nani?

Tuje kwenye gereji. Ni ya mzee mmoja, iko chini ya mti, haina kibao wala geti, lakini magari yanapanga foleni. Nimefika nikamwamkia, akaitikia huku kichwa kiko ndani ya boneti ya Forester ya mshikaji wangu.

"Marahaba. Wewe ndiye mwandishi?"

"Ndiyo mzee."

"Njoo uandike hiki." Akanivuta shati, akanionyesha bomba la mpira linalotoka kwenye ea klina kwenda kwenye turbo. Pembeni lina tundu, kama la kuingiza kidole gumba. Ndilo lililokuwa linapokea hewa kutoka kwenye valvu ya zamani. Aliyefunga valvu mpya alitakiwa alizibe. Na kweli alilziba. Kalizibaje? Kwa kipande cha ndala, jamani! Ndala ya buluu, imekatwa duara, ikazungushiwa waya. Joto likaikausha, ikanywea, ikaachia upande.

"Ea klina yake hii hapa, mpya kabisa, safi," mzee akasema. "Lakini vumbi halipiti mlangoni, linapita dirishani."

Wasomaji wa mjini kati mnaotembelea lami hamtaelewa, ila mtu wa Sombetini ananielewa. Kiangazi kikikolea, ukitoka barabara kubwa ukaingia vichochoroni, vumbi letu si la mchezo. Ni udongo wa volkano ya Mlima Meru, laini kama poda, unapenya hadi kwenye kabati lililofungwa. Sasa turbo ikaanza kulivuta hilo kila siku, miezi mitano, bila chujio. Mzee kanionyesha feni: ncha za mapanga zimelika, zimekuwa butu kama meno ya mbuzi mzee. Kilichopita hapo kikaenda kusaga ringi za pistoni. Ringi zikiisha, oili inapanda juu inaungua. Ndiyo moshi wa buluu huo.

Hata kama tundu lingezibwa vizuri, bado ipo njia nyingine. Valvu nyingi za bei poa springi yake ni laini. Gari likiwa limesimama kwenye sailensi, mnyonyo wa injini unaiacha wazi kidogo. Wakati huo turbo imelala, haisukumi kitu, kwa hiyo badala ya kutoa hewa inaingiza. Na inaiingiza kutoka pale pale chini ya boneti, vumbi na yote. Umekaa kwenye foleni ya Kilombero unakula muziki, kumbe injini inakula mchanga.

Nikamuuliza mzee, na ile tabia ya kuzimika? Maana Forester ilikuwa imeshamzimikia mshikaji mara tatu kabla ya kuanza moshi. Mara ya tatu ilikuwa njia panda ya Mbauda, kapakia mama na mtoto mchanga wanawahi kliniki. Kaachia mafuta, kakanyaga breki, pshhh... halafu kimya. Kama hujawahi kuzimikiwa na gari likiwa kwenye mwendo, omba yasikukute: usukani unakuwa mzito ghafla, breki unaikanyaga mara mbili tatu inakuwa ngumu kama jiwe. Nyuma kuna Hiace imejaza, dereva wake kaikwepa Forester kwa kiasi cha kiganja. Mama wa watu akasema kwa upole tu, "Baba, sisi tushushe hapa hapa, tutatembea." Mshikaji ananiambia upole ule ulimuuma kuliko angetukanwa.

Mzee akanielezea kwa mfano wa daladala, na tangu siku hiyo sijasahau. Kwenye Forester na Impreza nyingi za turbo kuna sensa ya hewa, imekaa mlangoni, baada tu ya ea klina. Huyo ndiye konda. Anahesabu abiria wanaopanda, yaani hewa inayoingia. Hesabu anampelekea tajiri, ambaye ni kontroli boksi, na tajiri anatoa petroli kulingana na vichwa. Valvu ya kiwandani ikifunguka, abiria wanashuka mlango wa nyuma na kupandia mlango wa mbele, konda anajua ni wale wale. Ukifunga ya chafya, abiria wameruka dirishani wakaenda zao! Konda hakuona. Tajiri anamwaga petroli ya watu kumi, ndani wamebaki wanne.

Matokeo yake ndiyo hayo. Gari linapiga misi kila ukiachia mafuta, linatoa moshi mweusi, plagi zinakuwa nyeusi kama mkaa, petroli ambayo haikuungua inakwenda kuungulia kwenye masega ya ekzosi na kuyamaliza. Na likifika kwenye sailensi linaweza kuzima kabisa, hasa ukiachia ghafla halafu ukashika breki. Wakati mwingine linalipua fataki nyuma, mwenyewe anafurahi, kumbe pesa yake ya petroli ndiyo inapigiwa makofi.

"Kwa hiyo mzee hiki kitu ni takataka?" nikamuuliza.

Akaniangalia kama nimemtukania mke. "Nani kasema takataka? Nimesema mtu asifunge asichokijua."

Na hapa lazima niwe mkweli, nisije nikaonekana nimenunuliwa na chama cha wapenda ukimya. Kuna magari ambayo hayana konda mlangoni. Toyota Chaser na Mark II zenye injini ya 1JZ-GTE, au ile Starlet ndogo ya turbo yenye injini ya 4E-FTE, hizo zinapima mgandamizo wa hewa ndani, baada ya mlango wa hewa. Yaani zinahesabu abiria waliokaa kwenye viti, si waliopanda. Ukitema hewa nje huko mbele hazibabaiki, hesabu inabaki sawa. Mwenye gari kama hilo, akafungiwa valvu nzuri yenye springi inayolingana na injini, na matundu yote yakazibwa kiume, anaweza kupiga chafya mpaka uzeeni na injini isimdai.

Halafu valvu za kiwandani nazo zinazeeka. Nyingi zina umri wa kupiga kura, ndani zina kiwambo cha mpira kinachopasuka, nyingine mwili wake ni plastiki. Ikianza kuvuja, hewa inayotakiwa kwenda kwenye injini inapotea, gari linakuwa zito mlimani na wewe unalaumu petroli. Mzee kanifundisha kipimo cha bure: chomoa valvu, weka mdomo pale panapokaa mpira mwembamba, vuta. Ikikaza na kushika, nzima. Ukivuta tu kama mrija wa soda tupu, imekufa. Hapo kubadilisha ni haki yako, na ukipata ya chuma iliyo imara si vibaya, lakini ipo ya chuma inayorudisha hewa ndani vile vile. Na wale walioongeza msukumo wa turbo kupita wa kiwandani, hao wanahitaji valvu yenye nguvu kweli, si mapambo, maana ile ya zamani inaweza kuzidiwa ikafunguka katikati ya mbio.

Kuna za nusu kwa nusu pia, hewa nyingine inarudi nyingine inatoka, unapata kachafya kadogo ka kistaarabu. Kwa mwenye Subaru ambaye hawezi kulala bila sauti, mimi naona huko ndiko pa kukimbilia. Au amtafute fundi wa kompyuta anayeweza kuipanga upya hesabu ya petroli, na huyo awe anajua kweli, si wa kubahatisha kwa simu.

Nguvu je? Aliyekwambia valvu peke yake inaongeza nguvu za farasi anakuuzia mbuzi kwenye gunia. Kama ya zamani ilikuwa nzima, hupati hata farasi mmoja, labda punda. Turbo inabaki inazunguka vizuri kati ya gia na gia, lakini hilo hata ile bubu ilikuwa inalifanya.

Na feki, mama yangu! Zile za HKS za Japani zinazolia kama filimbi ndizo zinazoigwa sana. Boksi linafanana, nembo inafanana, springi ya ndani kama ya kalamu. Ya mshikaji wangu ilikuwa ya namna hiyo, na aliinunua akitabasamu.

Nicheke kidogo. Wiki hiyo hiyo kaja gereji dogo mmoja anayeendesha Land Cruiser ya kupeleka watalii, anataka naye afungiwe chafya. Mzee kamuuliza injini gani, akasema 1HZ. Mzee akaweka spana chini. 1HZ ni dizeli, na kutoka kiwandani haina turbo! "Mdogo wangu, hiyo chafya itatoka pua ipi?" Na hata dizeli zenye turbo, nyingi za zamani hazina ule mlango wa hewa wa kujifunga ukiachia mafuta, kwa hiyo hewa haina pa kugonga, wala hakuna cha kuachia. Wapo wanaofunga swichi ya umeme ili ilie tu. Hiyo ni honi yenye gharama.

Suala la majirani sitalikalia sana, maana mwenyewe nina kesi. Ila mzee wa nyumba ya tatu kutoka kwetu, mwenye presha, alikuwa anaamka saa saba usiku kila Forester ikikata kona. Aliniamkia mimi asubuhi! Mzee mzima, ananiambia, "Shikamoo bwana mkubwa, rafiki yako karudi salama?" Nilitamani ardhi ipasuke.

Forester imeshuka kwenye mawe Alhamisi iliyopita. Ringi mpya, gasketi, turbo ya mtumba, na valvu ya kiwandani ya mtumba ambayo mzee kaivuta kwa mdomo mara nne mbele ya mwenye duka kabla ya kulipa. Mshikaji kauza bodaboda yake, ile aliyokuwa kaibakiza ampe mdogo wake aendeshe. Kibanda cha mama kimesubirishwa. Jumamosi kapita kijiweni, hatukumsikia hata kidogo, tumeshtuka kasimama mbele yetu. Hakuniambia kitu. Kafungua mlango, kanikabidhi ile valvu ya chafya kwenye mfuko wa rambo, kaondoka.

Ninavyoandika iko hapa mezani inazuia karatasi zisipeperuke, inang'aa kweli kweli. Na kuna chalii wa Ngarenaro kasikia, kanipigia simu mara mbili anataka kuinunua. Nimemuuliza kwanza gari lake lina konda mlangoni au halina. Kasema anakwenda kuangalia.